Insha ya uanaume na jinsia: shika makala moja, fuata nyayo zake

Mimi ni mkutubi wa chuo, na kila muhula hunijia mwanafunzi mwenye mada kama "Uanaume Afrika" na simu iliyojaa video za wahubiri na washauri wa ndoa. Sikiliza, mdogo wangu: video hizo unaweza kuzichambua kama data, ukipenda, lakini huwezi kuegemeza hoja juu yake.

Kwanza bana mada. Wanaume gani, wapi, miaka ipi, na kuhusu nini hasa? "Wanaume wasio na kipato cha uhakika Dar es Salaam na heshima yao nyumbani" ni mada inayotafutika. Ile ya kwanza itakuzamisha.

Andika maneno ya kutafutia kwenye karatasi. Makala nyingi za fani hii ziko kwa Kiingereza, hata zile zinazohusu mitaa yetu, kwa hiyo anza na masculinity, masculinities na manhood, pamoja na jina la mahali. Wingi huo usiuache: mwanasosiolojia Raewyn Connell aliuweka kuwa jina la kitabu chake cha 1995, na watafiti wengi leo wanahesabu uanaume wa aina nyingi. Kwenye JSTOR, hazina ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, ukiandika masculinit* na kinyota mwishoni, umoja na wingi vinakuja pamoja. Jaribu pia jando, mahari, mfumo dume. Mtafiti aliyekaa uwandani mara nyingi huyaacha maneno hayo kama alivyoyasikia.

Sasa tufanye kazi. Fungua Google Scholar, si Google ya kila siku, uandike: Silberschmidt disempowerment men East Africa. Itakuja makala ya Margrethe Silberschmidt ya 2001 katika jarida la World Development, iliyotokana na utafiti wa Kisii na Dar es Salaam. Hoja yake ni kwamba uchumi ulipowanyima wanaume uwezo wa kulisha familia, wengi walitafuta heshima kwingine, ikiwamo kwa kuwa na wapenzi wengi na kwa ubabe. Chini ya makala utaona kiungo cha Cited by. Kibofye: hao wote wameitaja baada yake. Weka tiki kwenye Search within citing articles, andika Tanzania, kisha chagua miaka ya karibuni. Kutoka makala moja ya zamani umefika kwa watafiti wa juzi. Ukimkuta anayebishana na Silberschmidt, msome kwanza, maana hapo ndipo insha yako inapopata pa kusimamia.

Halafu rudi nyuma kupitia marejeleo. Jina linalojirudia katika makala tatu tofauti lisakwe. Lazima utakutana na Connell na Messerschmidt, jarida la Gender & Society, 2005, wanapolipitia upya wazo la hegemonic masculinity. Lisome kabla hujalitumia! Nasahihisha insha zinazolifanya limaanishe "mwanaume mkali", wakati linahusu uanaume unaokubalika kuwa wa juu kuliko mingine na kuhalalisha wanaume kuwa juu ya wanawake. Ngumi si sharti.

Kwa upande wa Afrika, kuna mkusanyo wa makala kuhusu uanaume Afrika uliohaririwa na Lindsay na Miescher, 2003, na jarida la Feminist Africa, ambalo ni la bure. Tovuti ya AJOL (African Journals Online) inakusanya majarida ya bara hili, mengi yakiwa bure. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, katika kitabu chake cha 1997, atakuvuruga kidogo: anahoji kama mgawanyo wa jinsia tunaouchukua kutoka Magharibi uliwahi kuwafaa Wayoruba kabla ya ukoloni. Ukitaka takwimu, utafiti wa afya na demografia wa Tanzania wa 2022 uliwahoji wanaume pia. Na kama uko Dar, maktaba ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ina sehemu ya East Africana, yaani maandishi yanayohusu Afrika Mashariki. Nenda kwa miguu yako, si kila kitu kiko mtandaoni.

Soma ikisiri (abstract) kabla ya kupakua, na pakua ukiwa kwenye waifai ya chuo, bando lako liokoe. Jarida linaloahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa ada, liache.

Ukiambiwa ulipie makala, usitoe hela. Bofya All versions chini ya makala hiyohiyo, mara nyingi kuna nakala ya bure kwenye hazina ya chuo fulani. Ikikosekana, muulize mkutubi wenu kama chuo kimejiunga na Research4Life, mpango unaovipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Bado? Mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu: wewe nani, unaandika nini, unaomba makala ipi. Wengi hutuma, na wengine huongeza nyingine ambayo hukuiomba.