Kilo 100 juu ya maji ya Kigoma: kuchagua ubao, foili na tanga

Mtu wa kilo 95 na kuendelea anapoanza wingifoili, kosa linalommaliza fedha ni kununua tanga kubwa kisha kubana matumizi kwenye ubao na foili. Anavutwa kwa nguvu, mikono inachoka, na hanyanyuki. Kazi ya tanga ni kuvuta tu. Ukiwa umesimama unabebwa na lita za ubao, na ukiwa mwendoni unabebwa na eneo la bawa lililo chini ya maji. Fedha zianzie huko.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: unasimama juu ya ubao, mikononi umeshika tanga la kujaza upepo ambalo halijafungwa kwenye ubao. Chini ya ubao kuna foili, yaani mlingoti unaoshuka majini ukiwa na bawa kubwa mbele na dogo nyuma. Mwendo ukitosha, bawa la mbele linauinua ubao mzima juu ya maji.

Jipime kwanza, na usikisie. Kama mizani ya nyumbani haikufikii, ya magunia sokoni itakufaa. Panda ukiwa umevaa nguo za kuingia nazo majini, zikiwa zimelowa, pamoja na jaketi okozi. Ongeza kilo 8 hivi za ubao, 5 za foili na 3 za tanga. Mtu wa kilo 105 anajikuta kwenye 121 au zaidi.

Sasa linganisha na maji. Ziwa Tanganyika ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na lita moja ya maji hayo inabeba kilo moja tu. Ubao wa lita 140 unaobeba karibu kilo 143.5 kwenye chumvi ya Tanga au Zanzibar unabeba 140 Kigoma. Jedwali la mtengenezaji likiwa limeandaliwa na watu wa baharini, hizo kilo tatu na nusu hukatwa kwako bila taarifa. Kwa anayeanza, chukua kilo za mwili jumlisha 40: mtu wa 105 atafute lita 145. Ukishaweza kunyanyuka na kugeuka bila kuanguka, shuka hadi jumlisha 20. Ubao wa lita 120 kwa mtu huyo utamzamisha hadi vifundoni kila upepo unapolegea, na kupiga magoti juu ya ubao uliozama ni kazi ya kuvunja moyo. Angalia pia upana: sentimita 75 hadi 80. Lita nyingi kwenye ubao mwembamba hazisaidii mtu mzito, kwa sababu unayumba kushoto na kulia kabla hujashika upepo.

Ubao wa kujaza upepo una faida moja kubwa, unakunjwa na kusafiri kwa treni au basi bila ugomvi. Lakini ukibebeshwa kilo 100 unapinda katikati, na foili inacheza kwa kuchelewa kila unapohamisha mguu. Ukilazimika kuuchukua, hakikisha pale foili inapofungwa pana bamba gumu, na ujaze hadi kipimo kilichoandikwa kwenye ubao.

Bawa la mbele ndilo moyo wa jambo lote. Nguvu ya kuinua hufuata eneo la bawa na mraba wa mwendo. Mtu wa 105 ana uzito mara moja na nusu ya mtu wa 70, hivyo kwenye bawa lile lile anahitaji mwendo zaidi kwa asilimia 22 ndipo anyanyuke. Kwenye upepo hafifu mwendo huo haupatikani. Kwa kilo 95 hadi 110, anza na sentimita za mraba 2,000 hadi 2,200, umbo la wastani. Yale mabawa marefu membamba yana kasi tamu, ila hudai mwendo mkubwa kabla ya kuinua, na ukipunguza mwendo yanakuangusha ghafla. Yaache mpaka mwakani.

Mlingoti wa sentimita 75 unatosha kujifunzia. Hapa ugumu ni muhimu kuliko urefu. Wa alumini uwe na unene wa milimita 19, kwani ule wa 16 unajisokota chini ya mtu mzito: unakanyaga kulia, ubao unatii, bawa linafuata baadaye. Wengi hudhani hawana stadi, kumbe chuma ndicho kinacholegea. Kwa vifaa vya mtumba, pindua ubao, shika ncha ya bawa la mbele na uitikise juu na chini. Kikisikika kilio kidogo cha “tak” kwenye maungio, kuna uwazi. Fungua boliti, unga mweupe kwenye nyuzi zake ni alumini inayoliwa. Kagua pia reli mbili za kufungia mlingoti: ufa mwembamba kama unywele kando yake maana yake maji yameingia ndani, na ubao huo usinunuliwe kwa bei yoyote.

Kigoma iko juu. Uso wa ziwa upo takriban mita 773 kutoka usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi kwa karibu asilimia 7. Tanga la mita za mraba 6 linavuta kama la 5.6 pwani. Kwa kilo 105, tumia la 7 kwenye upepo wa noti 12 hadi 16 (kilomita 22 hadi 30 kwa saa), na la 6 kwenye noti 17 hadi 22. Ukiwa na fedha ya moja tu, nunua la 6 na usubiri upepo. La 7 ncha yake hulamba maji ukiwa bado magotini. Lijaze hadi kipimo kilichochapwa karibu na tundu la kujazia, mara nyingi psi (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 6 hadi 8. Likiwa laini, bomba la mbele linapinda chini ya mvuto wa mtu mzito, upepo unamwagika, na mtu anakwenda kununua kubwa zaidi bure.

Siku ya kwanza funga mlingoti katikati ya reli. Pua ya ubao ikinyanyuka kupita kiasi, rudisha mlingoti nyuma sentimita moja. Ikigoma kunyanyuka, sogeza mbele sentimita moja. Weka alama ya kalamu kwenye reli. Paka boliti grisi kila mara.

Ufuo wa Kigoma unaingia kina kirefu haraka, jambo linalofaa foili, lakini una mawe. Beba ubao ukiwa umepinduliwa mpaka maji yafike kifuani. Epuka penye matete, kwa sababu ya konokono wa kichocho, na usikatize nyavu. Kamba ya kiunoni, inayokuunganisha na ubao, iwe nene, milimita 7 au 8. Nyembamba hukatika mtu mzito anapoanguka. Upepo wa kiangazi wenye asili ya kusini mashariki unasukuma kutoka nchi kavu kuelekea Kongo, na mtu wa kilo 105 havutwi na rafiki anayeogelea. Siku hizo usiingie mpaka mtumbwi wenye injini uwe majini, na nahodha wake anajua utakapokuwa.