Jinsi ya kuweka jukeboksi ya MPD: spika moja, foleni moja, bando haliguswi

Sehemu yoyote yenye spika moja na watu zaidi ya wanne ugomvi ni uleule, iwe saluni, gereji, karakana ya kushona au hosteli. Nani kakonekti Bluetooth, nani kakata wimbo wa mwenzie katikati, halafu aliyekonekti akipigiwa simu mlio wake unasikika mtaa mzima, na akitoka kwenda kunywa chai na simu yake ndo basi tena, kimya. Dawa ni kuitoa simu kwenye kazi ya kupiga mziki kabisa. Nyimbo zinakaa kwenye kompyuta moja ndogo iliyochomekwa kwenye amplifaya, simu za watu zinabaki kuwa rimoti tu, na wimbo unaouchagua unaingia kwenye foleni nyuma ya waliokutangulia.

Programu ntakayotumia hapa ni MPD, kirefu chake Music Player Daemon. Ipo tangu 2003, ni ya bure, na ni nyepesi kiasi kwamba Raspberry Pi 3 (kale kakompyuta ka bodi moja, Pi kwa kifupi) yenye RAM ya GB 1 inaibeba bila kuhema. Kuiinstoli ni kazi ya dakika chache tu, kinachofanya iwe jukeboksi kweli na sio rimoti ya kugombania ni ruhusa za foleni, kwa hiyo hapo ndo ntakaa zaidi.

Vifaa

Pi 3 au 4 iliyolala kabatini inatosha. Pi 5 na zile Zero hazina tundu la hedifoni, hizo lazima uwe na kadi ya sauti ya USB, na kusema kweli hata kwenye Pi 3 nunua tu hiyo kadi maana lile tundu lina kelele za chini chini ambazo kwenye amplifaya kubwa unazisikia kila wimbo ukiisha. Ila mimi napenda zaidi laptopu chakavu, ile iliyopasuka kioo ambayo hakuna anayeitaka, kwa sababu betri yake ikiwa bado inashika hata nusu saa basi umeme ukikatika seva haizimi ghafla, wakati Pi ikizimika hivyo mara kwa mara memori kadi inakufa. Ukitumia laptopu weka Debian (aina ya Linux) bila desktopu, halafu fungua faili la /etc/systemd/logind.conf, tafuta mstari wa HandleLidSwitch, ondoa alama ya # na uandike HandleLidSwitch=ignore, uizime na kuiwasha, hapo hata ukifunga mfuniko haitalala. Kwa Pi chukua Raspberry Pi OS Lite. Usiweke ile yenye desktopu, ina mfumo wake wa sauti unaong'ang'ania kadi na mtasumbuana bure.

Rauta yoyote inafaa, hata ile ya zamani isiyo na laini ndani. Intaneti unaihitaji siku ya kuinstoli tu, baada ya hapo simu na seva zinaongea zenyewe kwa waifai na hakuna bando la mtu linaloliwa.

Kuinstoli

sudo apt update
sudo apt install mpd mpc alsa-utils

MPD ndo mpigaji mwenyewe, mpc ni kakomandi ka kumuamrisha. Debian inakuja pia na kitu kinaitwa mpd.socket, na kikiwa kimewashwa MPD haisikilizi kabisa anwani utakayoiandika kwenye mipangilio, utabadilisha na kubadilisha na hakuna kinachotokea. Kizime mapema:

sudo systemctl enable mpd
sudo systemctl enable mpd

Nyimbo zikae wapi

Sio kwenye folda lako la nyumbani. MPD inaendeshwa na mtumiaji wake anayeitwa mpd na huyo haruhusiwi kuchungulia /home yako, na hadiski ikifunguka yenyewe chini ya /media nayo mara nyingi inakuwa ya kwako peke yako. Tengeneza sehemu yake:

sudo mkdir /mnt/muziki
lsblk -f

Hiyo ya pili inakuonyesha UUID ya hadiski, yaani namba yake ya utambulisho. Nyingi za madukani ni exFAT, kwa hiyo kwenye /etc/fstab unaongeza mstari kama huu, weka UUID yako:

UUID=ABCD-1234 /mnt/muziki exfat nofail,uid=1000,umask=022 0 0

Neno nofail usilisahau, bila hilo siku mtu akichomoa hadiski mashine inagoma kuwaka. Kisha sudo mount -a, na hakikisha kwa kujivisha viatu vya mpd:

sudo -u mpd ls /mnt/muziki

Ukiona majina ya mafolda umepita. Ukiona Permission denied, usiendelee mbele mpaka hapo pakae sawa.

Mipangilio

Fungua sudo nano /etc/mpd.conf. Ni refu lakini karibu lote ni maelezo yenye # mbele. Tafuta mistari hii uibadilishe, ambayo haipo iongeze:

music_directory "/mnt/muziki"
bind_to_address "any"
auto_update "yes"
volume_normalization "yes"
max_playlist_length "40"
password "mbwamkali@read,add,control,admin"
default_permissions "read,add"

Hiyo bind_to_address "any" ndo inaruhusu simu za nje kuingia, yenyewe huwa inasikiliza mashine yake tu. volume_normalization inasawazisha sauti, na kwa mchanganyiko wetu wa taarabu iliyotolewa kwenye kaseti na bongofleva ya juzi hiyo ni lazima, la sivyo mtu unaongeza sauti ya kinanda halafu wimbo unaofuata unarusha watu kwenye viti.

Sasa mistari miwili ya mwisho. Asiye na paswedi anapata read na add basi, maana yake anaona nyimbo zote na anaweza kuongeza kwenye foleni. Hawezi kurusha wimbo, kufuta wa mwenzie, kusimamisha wala kupandisha sauti, akibonyeza anapata kosa la ruhusa. Paswedi anakuwa nayo mtu mmoja, au wawili wakiaminika, na haina ujanja wowote, inapita kwenye waifai wazi kabisa kwa hiyo usitumie ile ya benki yako. Matoleo mapya yameongeza ruhusa nyingine inayoitwa player, kama umeweka paswedi na bado huwezi kusimamisha wimbo basi ongeza neno hilo kwenye mstari wa password. Ile 40 ni kikomo cha foleni, kuna watu wakipewa nafasi wanamwaga folda zima la nyimbo 300 na nyie wengine mtasikiliza kesho.

Sauti itoke

Andika aplay -L uone majina ya kadi. Vile vikadi vya USB vya bei rahisi mara nyingi vinajiita Device. Tumia jina, usitumie namba, namba zinaweza kubadilika mashine ikizima na kuwaka. Kwenye mpd.conf tayari kuna kipande cha audio_output cha alsa, kirekebishe hichohicho:

audio_output {
    type "alsa"
    name "Spika ya karakana"
    device "plughw:CARD=Device,DEV=0"
    mixer_type "software"
}

Ctrl+O, Enter, Ctrl+X, kisha:

sudo systemctl restart mpd
export MPD_HOST=mbwamkali@localhost
mpc update
mpc consume on

update inasoma nyimbo zote, hadiski kubwa itachukua muda kidogo. consume maana yake wimbo ukishapigwa unatoka kwenye foleni, bila hiyo foleni inajaa nyimbo zilizokwishapita na hakuna anayejua zamu ya nani.

Foleni isikauke

Kuna tatizo limejificha hapo juu: watu wasipoongeza kitu foleni inaisha, MPD inasimama, na kwa kuwa tumewanyima ruhusa ya kubonyeza play, hata wakiongeza wimbo hautalia. Kwa hiyo seva ijijazie yenyewe. Tengeneza folda ndani ya hadiski, mimi naliita chaguo, weka humo nyimbo ambazo hakuna anayezikataa, halafu sudo nano /usr/local/bin/jaza-foleni:

#!/bin/sh
export MPD_HOST=mbwamkali@localhost
mpc status | grep -q '\[paused\]' && exit 0
[ "$(mpc playlist | wc -l)" -lt 3 ] && mpc listall chaguo | shuf -n 5 | mpc -q add && mpc -q play

Mstari wa tatu ni kwa ajili ya adhana, au mteja anayeongea na simu, ukisimamisha mwenyewe script inakuheshimu na haiwashi mziki mpaka uuwashe wewe. Ipe ruhusa kwa sudo chmod +x /usr/local/bin/jaza-foleni, kisha crontab -e na uweke:

* * * * * /usr/local/bin/jaza-foleni

Kila dakika inachungulia, foleni ikiwa chini ya nyimbo tatu inatupia tano za bahati nasibu. Na umeme ukikatika ukirudi, MPD inakumbuka foleni na inaendelea ilipoishia.

Simu za watu

Ingia kwenye rauta uifungie seva anwani moja ya IP isiyobadilika, hostname -I inakuambia ina ipi sasa hivi. Kwenye Android waambie wadaunlodi M.A.L.P., wafungue profaili mpya, waweke hiyo IP, poti 6600, sehemu ya paswedi waiache tupu. Wanaopenda kompyuta wana Cantata, na wazee wa terminali wana ncmpcpp.

Kitu kitakachokusumbua wiki ya kwanza ni kwamba rauta haina intaneti, simu inagundua, inauliza kama ibaki kwenye waifai hiyo au irudi kwenye data, na mtu anabonyeza bila kusoma halafu anakuja kukwambia seva yako imekufa. Waambie wabaki, na wakatae isihamie yenyewe.

Halafu majina. Nyimbo zilizotoka WhatsApp zinaitwa AUD-20190312-WA0007.mp3, na zile za kwenye saiti za kudaunlodi jina la msanii limeandikwa anwani ya saiti. MPD inapanga kwa taarifa zilizo ndani ya faili, kwa hiyo mtu akitafuta jina la msanii hapati kitu japo wimbo upo. Pita nazo kwenye MusicBrainz Picard au Kid3 kwenye kompyuta yako. Picard ni nzuri kwa nyimbo za nje na za wasanii wakubwa, ila taarabu ya zamani na nyimbo za mtaani nyingi hazimo kwenye hazina yake, hizo zipe majina ya faili yanayoeleweka, Msanii - Wimbo, kisha uiamuru itoe taarifa kwenye jina la faili. Inachosha, fanya kidogo kidogo.

Ikigoma kuwaka, journalctl -u mpd -e inataja mstari wenye kosa kwenye mpd.conf, mara nyingi ni alama ya nukuu iliyosahaulika. Simu zisipoiona, ss -ltn | grep 6600, ukiona 127.0.0.1 peke yake rudi kwenye bind_to_address. Kama ni sehemu ya biashara, kupiga mziki kwa wateja kuna leseni yake, ulizia ofisi za hakimiliki, Tanzania COSOTA na Kenya anzia KECOBO, kuwa na faili lako mwenyewe hakukuondolei hilo.

Na kama watu wenu wanataka kura badala ya bosi mmoja mwenye paswedi, angalieni Mopidy, seva nyingine ya mziki, pamoja na kiongezi chake Mopidy-Party. Hiyo inafunguka kwenye brauza poti 6680, hakuna cha kudaunlodi kwenye simu, na wimbo unarushwa wakifika idadi ya watu uliyoiweka kwenye votes_to_skip. Kwa watu sita naona ni fujo tu, hosteli labda.