Hotspoti imeshika, intaneti hakuna: tafuta kwanza ilipokatika

Kompyuta imeshika Wi-Fi ya simu, alama zimejaa, ila kurasa hazifunguki. Usikimbilie kubadilisha mipangilio. Intaneti inapita sehemu mbili: kutoka mnarani hadi kwenye simu, kisha kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta. Ijue kwanza sehemu iliyokatika.

Hatua ya 1: Simu yenyewe. Fungua ukurasa ambao hujaufungua siku za karibuni. Usipime kwa WhatsApp, maana kuna bando za mitandao ya kijamii pekee: ujumbe utapita, kurasa zitagoma. Angalia salio la bando. Ukiona herufi E juu ya kioo badala ya 4G, umeshuka hadi 2G. Washa hali ya ndegeni kidogo, izime, kisha uwashe tena hotspoti.

Hatua ya 2: Kompyuta. Simu ikiwa nzima, zima VPN ya kompyuta (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine) kama ipo. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `ipconfig`. Anwani ya IPv4 (namba ya kompyuta kwenye mtandao) ikianza na 169.254, simu haikuipa kompyuta anwani: sahau Wi-Fi hiyo, unganisha upya. Anwani ikiwa sawa (iPhone hutoa ya 172.20.10), andika `ping 8.8.8.8`, amri ya kupima kama intaneti inafika. Majibu yakirudi na kurasa bado zinagoma, kinachokwama ni DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kompyuta, sehemu ya DNS, weka 1.1.1.1 au 8.8.8.8.

Hatua ya 3: APN, yaani mipangilio inayoiunganisha laini yako na intaneti ya kampuni ya simu. Ping isipojibu kabisa, njoo hapa, wengi hawapafikii. Kwenye Android, ingia mipangilio ya laini, fungua APN, tafuta aina ya APN. Ukikuta `default,supl` tu, andika `default,supl,dun`, bila nafasi kati ya maneno. Hiyo `dun` ndiyo inayohusu kugawa intaneti kwa vifaa vingine. Piga picha ya mipangilio ya awali kabla hujagusa chochote, hifadhi, kisha zima simu na kuiwasha.

Hotspoti haionekani kabisa? Huenda simu inarusha 5 GHz na kompyuta yako ya zamani inapokea 2.4 GHz tu. Badilisha kwenye simu. Kwa iPhone, washa Maximize Compatibility. Kwenye Android, kitufe cha hotspoti kisipobonyezeka, zima Kiokoa Data.

Ikishakubali, fungua Wi-Fi hiyo kwenye Windows na uwashe Metered connection, la sivyo masasisho yatalinyonya bando lako kimyakimya.