Kubana thamani ndani ya mipaka kwa Python, hatua kwa hatua

Sauti ya kicheza muziki huenda 0 hadi 100. Rangi ya pikseli, 0 hadi 255. Hesabu yenyewe haijui mipaka hiyo: sauti ikiwa 95 na mtumiaji akabonyeza kitufe cha kuongeza 10, programu itakupa 105 bila wasiwasi. Kubana ni kuirudisha thamani iliyovuka kwenye kikomo ilichokivuka, na kuiacha ilivyo ile iliyo ndani.

Hatua ya 1: Andika fanksheni

```python
def bana(thamani, chini, juu):
    return min(max(thamani, chini), juu)
```

Wanaoanza wengi hugeuza `min` na `max`, kwa sababu akili inataka `min` ishike kikomo cha chini. Ni kinyume. `max` huchagua kubwa kati ya thamani na kikomo cha chini, hivyo hairuhusu kitu kushuka chini yake. Nayo `min` huchagua ndogo, hivyo hulinda upande wa juu.

Hatua ya 2: Jaribu kwenye mipaka

Kwa 0 hadi 100, jaribu -5, 0, 40, 100 na 130. Majibu yawe 0, 0, 40, 100, 100. Ukijaribu 40 peke yake hujajaribu chochote.

Hatua ya 3: Ilinde fanksheni

Andika `bana(50, 100, 0)`, yaani mipaka iliyopinduliwa. Jibu ni 0, na litakuwa 0 kwa namba yoyote utakayoipa, wala Python hailalamiki. Lugha zinatofautiana hapa: `Math.clamp` ya Java 21 hutupa kosa, `clamp` ya Rust husimamisha programu, na `std::clamp` ya C++17 haikuahidi lolote, jambo ambalo ndilo baya kuliko yote.

Kuna pia NaN, thamani isiyo namba, kama ile ambayo pandas, maktaba ya Python ya kuchakata data, inakupa inaposoma seli tupu ya faili la CSV. Kila ulinganisho wa NaN kwa `<` au `>` ni uongo, kwa hiyo inapenya `bana` na kutoka ikiwa NaN. Ukiandika `max(chini, thamani)` badala ya `max(thamani, chini)`, NaN ile ile inageuka kimyakimya kuwa kikomo cha chini. Usiache mpangilio wa vigezo ukuamulie, kataa waziwazi:

```python
import math

def bana(thamani, chini, juu):
    if chini > juu:
        raise ValueError("mipaka imepinduliwa")
    if math.isnan(thamani):
        raise ValueError("thamani si namba")
    return min(max(thamani, chini), juu)
```

Hatua ya 4: Bana kabla ya kurudi kwenye aina ndogo

Picha katika NumPy, maktaba ya Python ya hesabu za safu za namba, kwa kawaida ni `uint8`, baiti moja kwa kila rangi. Ukiandika `picha + 60`, pikseli yenye 220 haiwi 280: inazunguka na kuwa 24, na anga jeupe linatoka na madoa meusi. Kuita `np.clip`, fanksheni ya kubana ya NumPy, baada ya hapo hakusaidii, maana 24 imo ndani ya mipaka. Panua aina kwanza:

```python
import numpy as np

kubwa = picha.astype(np.int16) + 60
picha = np.clip(kubwa, 0, 255).astype(np.uint8)
```

Ukirudisha `uint8` kabla ya `np.clip`, umerudi pale pale.

Hatua ya 5: Jua pa kutobana

Sauti, mwangaza, rangi, mhusika wa mchezo anayegonga ukingo wa skrini: bana bila kusita. Namba aliyoiandika mtu kwa nia yake ni habari nyingine. Chukua anayetaka kutuma shilingi 50,000, kidole kikateleza akaandika 500,000, na kikomo chako ni 100,000. Ukibana, zinaondoka 100,000: kiasi ambacho hakukitaka wala hakukiandika. Hapo rudisha fomu na ujumbe unaotaja kikomo:

```python
if not 1000 <= kiasi <= 100000:
    raise ValueError("Kiasi kiwe kati ya 1,000 na 100,000")
```

Kwa umri, alama za mtihani na vipimo vya dawa, mimi hutumia njia hii hii ya pili.