Mara yako ya kwanza kwenye meli ya kitalii: tulivyotoka Galveston, Texas, hadi Cozumel, kisiwa cha Meksiko

Habari zenu wakuu. Tangu turudi na mama na watoto kila ndugu hapa Houston ananiuliza maswali yaleyale, kwahiyo naandika yote hapa.

1. Anza na makaratasi, usianze na bei. Mama alikuja kututembelea kwa viza, na meli ikienda Meksiko umeshatoka Marekani, kwahiyo angalia viza inaruhusu kuingia mara ngapi, kama ni mara moja tu usilipe hata senti mpaka umeuliza vizuri. Wenye grini kadi beba kadi yenyewe na pasipoti ambayo haijaisha muda.

2. Bei unayoiona sio bei utakayolipa. Chakula cha bafe na cha mgahawa mkubwa kimo, chumba kimo, lakini soda, wifi na matembezi ya nchi kavu ni pembeni, halafu kuna tipu ya wahudumu ambayo kampuni nyingi wanakata wenyewe, kama dola 16 mpaka 20 kwa kichwa kwa siku, na mtoto anahesabiwa. Piga hesabu: watu 4, siku 5, dola 17, hiyo ni dola 340. Mimi sikuomba waiondoe maana wale vijana wanafanya kazi usiku na mchana, ila ujiandae.

3. Siku ya kupanda, begi kubwa unawaachia wapagazi nje na linaweza kukufikia chumbani jioni kabisa. Kwahiyo dawa, pasipoti, nguo za kuogelea za watoto, vyote viwe kwenye begi la mkononi. Pasi ya nguo usibebe, wanaichukua, wanaogopa moto.

4. Mazoezi ya dharura usikwepe. Watu wanaona ni usumbufu, lakini ile meli Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia Januari 2012 walikufa watu 32, na wapo abiria waliokuwa wamepanda siku ileile hawajafanya mazoezi bado. Ndio maana siku hizi yanafanyika kabla meli haijaondoka. Mama nilimpeleka mwenyewe mpaka kituo chetu cha kukusanyikia, akaoneshwa jaketi la kujiokolea linavaliwaje, akarudia mara mbili.

5. Saa. Hapa ndipo watu wanaachwa. Cozumel hawabadilishi saa, kwahiyo wakati wa baridi wako saa moja mbele ya Texas na kiangazi mnalingana. Meli inafuata saa yake, sio ya simu yako! Vaa saa ya mkononi uiweke sawa na ya meli, na rudi mapema, meli haikusubiri ukichelewa na matembezi uliyojipangia mwenyewe.

MASWALI

Swali: Dada mimi hata boti ya Unguja natapika, nitaweza kweli?
Jibu: Meli hizi ni kubwa hazirushwi kama boti kaka, ila zinayumba. Chukua chumba cha katikati, ghorofa za chini, hata kama hakina dirisha (ndio cha bei rahisi pia). Dawa meza kabla hujaanza kuumwa, ukishaanza kutapika haisaidii sana.

Swali: Mwezi gani mzuri?
Jibu: Msimu wa vimbunga ni Juni mpaka mwisho wa Novemba, bei inashuka lakini meli inaweza kubadilishiwa njia. Sisi tulienda Februari.

Swali: Sisi Waislamu chakula tunafanyaje?
Jibu: Waandikie kampuni wiki kadhaa kabla, na siku ya kwanza jioni muone mkuu wa mgahawa uso kwa uso. Usitegemee bafe, huko nyama zinakaa pamoja. Mama siku mbili za mwanzo alikula samaki na wali tu, siku ya tatu wakawa wanampikia chake.

Swali: Simu inashika?
Jibu: Inashika, na ndio hatari. Mama alipiga Tanga dakika chache tu kutoka katikati ya bahari, bili iliyokuja nilikaa chini. Weka flaiti modi kabla meli haijang'oa nanga, kisha washa wifi peke yake.