Gari linanuka kuungua baada ya mlima? Lichunguze kabla halijapoa

Dereva akishuka mlima Kitonga kule Iringa, au akiteremka Iwambi kwenda Mbalizi huku Mbeya, halafu akasikia harufu ya kuungua, jambo la kwanza analotafuta ni maji ya kumwagia tairi. Tafadhali usifanye hivyo. Diski ya breki ikiwa ya moto sana na ukaimwagia maji ya baridi, inaweza kupinda au kupasuka. Pia dakika chache za mwanzo baada ya kusimama ndizo zinazoonyesha harufu inatoka wapi. Gari likishapoa, hata fundi mzuri anabaki kukisia.

Hatua ya 1: Simama salama

Tafuta sehemu tambarare nje ya barabara. Weka pembetatu, kisha weka jiwe au kigingi kwenye tairi, na gari liwe kwenye P au gia namba moja. Kama unahisi ni breki, usivute hendibreki zikiwa bado za moto. Ukiondoka, litoe lile jiwe. Malori yanapita hapo usiku.

Ukiona moshi mwingi au moto kwenye boneti, zima injini, shusha watu, sogeeni mbali. Usiinue boneti, maana hewa ikiingia moto unapanda.

Hatua ya 2: Zunguka tairi zote nne

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu kwenye milima yetu harufu nyingi zinaanzia hapa. Chuchumaa karibu na kila tairi, nusa, kisha sogeza mgongo wa kiganja kwenye rimu, uache nafasi ya kama shubiri moja. Usiguse chuma. Linganisha kulia na kushoto.

Tairi za mbele zote mbili zikiwa za moto sawasawa na harufu ni kali inayochoma pua, breki zimetumika kupita kiasi. Kosa liko kwenye gia uliyoshukia. Acha zipoe nusu saa au zaidi, kisha endelea kwa gia ndogo: gia uliyohitaji kupandia mlima ndiyo ya kushukia. Kwa otomatiki, toa D, weka 2 au L. Wanaoshuka kwa nyutro ili kubana mafuta wanaziachia breki peke yake uzito wote wa gari.

Tairi moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, breki ya upande huo haiachii. Mara nyingi ni pini za kalipa (kibano kinachobana pedi kwenye diski) zimekauka grisi, pistoni imeshika kutu, au mpira wa breki umeziba kwa ndani. Gari likipoa na likiwa sehemu tambarare, lipige jeki, weka nyutro huku jiwe likibaki kwenye tairi nyingine, uzungushe tairi kwa mkono. Ikigoma, umeshapata jibu. Zikiwa za nyuma tu, angalia kama ulitembea na hendibreki imevutwa nusu.

Sasa kanyaga pedali. Ikizama au ikiwa laini kuliko kawaida, usiondoke hapo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemkia nyuzi 140 hivi. Yakichemka kunatokea mvuke ndani ya paipu, na mvuke hausukumi kalipa. Kwa anayeendesha huku nyanda za juu, kubadilisha mafuta hayo kila baada ya miaka miwili si anasa.

Hatua ya 3: Klachi

Harufu yake inafanana sana na ya breki, ila inatoka katikati, chini ya gia boksi, na kwa kawaida inakuja wakati wa kupanda: umebeba mzigo kwenda Kawetire, au umejipanga nyuma ya lori ukilishikilia gari kwa klachi. Ukikanyaga mafuta injini ikapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, pleti imekwisha.

Hatua ya 4: Fungua boneti

Harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyosahaulika jikoni ni oili inayodondokea ekzosi. Mulika kwa simu kuzunguka gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), kisha pima oili kwa stiki. Kama umetoka kufanya sevisi na oili ilimwagika, harufu itaisha yenyewe.

Harufu tamu ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini. Usifungue kifuniko cha rejeta ya moto. Mjini Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo aliyejaza maji matupu na ana kifuniko kibovu atachemsha mapema. Ukiisikia ndani ya gari ukiwasha hita, hasa Juni na Julai, papasa kapeti miguuni kwa abiria. Ikiwa na unyevu unaoteleza, rejeta ndogo ya hita inavuja.

Harufu ya plastiki inayoungua ni waya. Zima kila kitu, chomoa terminali hasi ya betri, ita fundi umeme. Fyuzi ya ampea 10 ikikatika usiweke ya 20, kwa sababu kitakachoungua sasa ni waya wenyewe.

Harufu ya mpira ni belti ya injini. Mwisho, chungulia chini: nyasi kavu au mfuko ulionasa kwenye ekzosi au masega (kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi). Ukitoka njia za shambani, anza na hapo.

Hatua ya 5: Mwandikie fundi

Usimwambie tu "gari linanuka". Mwandikie hivi: "Nimeshuka Kitonga kwa D. Tairi ya mbele kushoto ina moto kuliko ya kulia, pedali ni ngumu kama kawaida, geji ya temperecha iko katikati, hakuna kilichodondoka chini." Kwa ujumbe huo anakuja na grisi ya kalipa na pedi mkononi.