Swichi ya neti nyumbani: usinunue kwa kuhesabu matundu tu

Shemeji yangu kafungiwa faiba ya Mbps 200, kalipia mwezi wa kwanza kwa furaha, kakaa kwenye kompyuta yake ya mezani kapima spidi, ikaja 94. Kapima tena, 93. Kaita mtu wa faiba, jamaa kaja kachomeka laptopu yake kwenye ruta moja kwa moja, 200 hii hapa inasoma, kaaga kaondoka. Shemeji akabaki na hasira kwamba anaibiwa. Mimi niliposikia tu hiyo namba 94 nikamwambia hebu geuza kile kiboksi cheusi kilichojificha nyuma ya tivii unisomee kilichoandikwa chini. Akasoma: TL-SF1005D. Kesi ikaishia hapo hapo.

Kwa asiyejua, swichi ninayoizungumzia hapa sio ya taa, ni kile kiboksi cha kugawia waya wa neti, unachomeka mmoja unaotoka kwenye ruta halafu unatoa kwenda tivii, kompyuta, kamera, wifi ya juu na kadhalika. Na hiyo 94 ikariri kabisa kichwani, maana ndio alama ya ugonjwa. Poti (lile tundu la kuchomekea waya) ya megabiti 100 ukishatoa vile vifungashio ambavyo kila pakiti ya data inasafiri navyo unabaki na kama 94 au 95 hivi za kutumia. Poti ya gigabiti, yaani megabiti 1000, inakupa kama 940. Kwa hiyo ukilipia 200 ukapata 94 kila ukipima, usianze kugombana na kampuni, kuna kitu cha 100 kimekaa katikati ya njia ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Dukani sasa, ukienda Kariakoo au kokote, maboksi yanafanana balaa na muuzaji akiulizwa anajibu "zote kaka ni fasta". We soma herufi. TP-Link wenye TL-SF ni za 100, TL-SG ni gigabiti. Zile LS1005 ni 100, LS1005G yenye G mwishoni ni gigabiti. D-Link za DES ni 100, za DGS ni gigabiti. Netgear ni FS na GS. Yaani tafuta G. Ukiona herufi zinakuchanganya geuza boksi utafute 10/100/1000, kama imeishia 10/100 irudishe kwenye shelfu. Tofauti ya bei kwa swichi ndogo ya poti 5 sio kubwa hivyo, sioni kwa nini mtu anunue ya 100 leo hii labda iwe ni ya kamera tu, na hizo nitazifikia.

Basi shemeji kanunua ya gigabiti poti 8, sebuleni ikaja 190 na kitu, tukashangilia. Chumba cha juu bado 94! Hapo ndio nikajua tuna mgonjwa wa pili. Nikachukua kichwa cha waya wa kule juu nikakiangalia kwa tochi ya simu, nyaya zinaonekana nne tu, nne nyingine fundi alizikata akazirudisha nyuma. Mbona? Kwa sababu alikuwa na waya mmoja uliopita kwenye bomba la ukutani na alitakiwa kutoa sehemu mbili, akaugawa, nne huku nne kule. Zamani ilikuwa inakubali maana spidi ya 100 inatumia nyaya nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Hata mmoja tu wa zile nne za ziada ukiwa umelegea kwenye kichwa swichi haikwambii kitu, mara nyingi inashuka kimya kimya hadi 100 na taa inaendelea kuwaka vizuri. Swichi nyingi taa ya gigabiti na ya 100 zina rangi tofauti au moja inawaka taa mbili, soma karatasi ya ndani ya boksi ujue yako ikoje, ndio kipimo cha bure hicho. Tulichofanya tuliunga nyaya zote nane kwenye ncha zote mbili za waya, halafu kule juu tukaweka swichi ndogo ya poti 5 ikagawa. Ndio kazi yake.

Na waya wenyewe uangalie. Cat5e ya kweli (hilo ni daraja la waya, Cat6 ni la juu yake) inabeba gigabiti mita 100 bila shida, huna haja ya kuvunja ukuta kutafuta Cat6 eti kwa sababu ni mpya. Shida ni hizi za CCA, alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua kwa kisu kidogo ncha ya waya, ukiona ndani ni nyeupe umeuziwa alumini. Zinakatika zikikunjwa kunjwa, na ukipitisha umeme wa kamera humo unapotea njiani na waya unapata joto.

Hesabu ya poti. Watu wanahesabu vifaa walivyonavyo leo wanapata vinne wananunua ya poti 5, wanasahau poti moja inaliwa na waya unaotoka kwenye ruta. Hesabu vifaa, ongeza moja ya ruta, halafu ongeza mbili za mbeleni. Ukipata saba chukua 8. Sio dhambi kuunganisha swichi mbili, ila usitengeneze treni ya swichi tano zinazofuatana, maana wa mwisho kule anategemea waya mmoja wa wote waliomtangulia. Nzuri ni moja kubwa karibu na ruta, halafu ndogo ndogo zichomekwe kwenye hiyo.

Sasa tuje kwenye PoE maana hapa ndio hela zinapotea. PoE ni swichi inayotoa neti na umeme kwenye waya huo huo mmoja, kwa hiyo kamera au wifi ya darini haihitaji soketi. Kiwango cha 802.3af kinatoa wati 15.4 kwa poti, cha 802.3at kinatoa 30, na kuna bt inayofika 90 ambayo nyumbani huna kazi nayo. Ila namba ya kuisoma kwanza ni JUMLA ya wati za swichi nzima. Swichi inaweza kuwa na poti 8 za wati 30 kila moja halafu jumla yake ni 60 tu. Sio uongo, wameiandika, kwa maandishi madogo.

Jirani yangu alifungiwa kamera sita, mchana zote zinaonekana freshi, ikifika saa moja jioni kamera ya geti inazima. Kila siku! Watu wakaanza kusema mambo ya ajabu, mara mwizi ana kifaa, mara sijui nini. Alibadilisha hiyo kamera mara mbili. Ukweli ni kwamba giza likiingia kamera zinawasha zile taa zake za kuonea usiku, kamera iliyokuwa inakula wati 6 mchana inakwenda 11. Sita mara 6 ni 36, swichi ya wati 60 inacheka tu. Sita mara 11 ni 66, swichi inazidiwa, na ikizidiwa inamkata mmoja, mara nyingi aliye poti ya mwisho. Geti lilikuwa poti ya mwisho. Kwa hiyo fanya hesabu na wati za usiku, zile za juu kabisa zilizoandikwa kwenye kamera, halafu acha na nafasi ya robo juu yake.

Kwa kamera hizo poti za 100 zinatosha kabisa, kamera ya kawaida ya megapikseli 4 inatuma megabiti 8 hivi au chini ya hapo. Hakikisha tu ile poti ya kupandia kwenda kwenye ruta au rekoda ni gigabiti kama kamera ni nyingi. Na kile kitufe cha kuongeza umbali hadi mita 250 kilicho kwenye baadhi ya swichi za PoE kinafanya kazi kweli, ila kinakushusha hadi megabiti 10 kwa poti, kwa kamera moja ya mbali sawa, kwa wifi usithubutu. Jambo lingine, jihadhari na PoE ya volti 24 isiyo na akili. PoE ya kiwango inauliza kwanza kifaa "wewe unakula umeme?" ikijibiwa ndio inatoa, hii ya 24 haiulizi, inamwaga tu. Chomeka laptopu hapo kwa bahati mbaya uone.

Za kusimamiwa au za kuchomeka tu? Za kuchomeka unachomeka zinafanya kazi, basi. Za kusimamiwa, mfano TL-SG108E, unaingia ndani yake kwenye kompyuta unagawa poti, kamera peke yake, wapangaji peke yao, kompyuta zako peke yake, hiyo ndio inaitwa VLAN. Tamu sana, lakini ili uifaidi vizuri mara nyingi inahitaji ruta nayo ielewe VLAN na ruta nyingi tunazopewa na watoa huduma hazikuruhusu hata kugusa hiyo sehemu. Kama huna mpango wa kununua ruta yako usitoe hela ya ziada. Faida moja ambayo hata asiyejua ataipata ni kuzuia mzunguko: mtoto akiokota waya uliolala sakafuni akachomeka ncha zote mbili kwenye swichi ile ile, swichi ya kawaida inaanza kujirushia data yenyewe bila mwisho, taa zote zinawaka kama disko na nyumba nzima hamna neti. Ukiona hivyo usipige simu kokote, fuata waya mmoja mmoja kwa mkono.

Kuna na wazee wa mtumba. Cisco 2960 ya poti 24 iliyotoka ofisini inauzwa bei ya kutupa na inaonekana ya kibabe. Angalia, WS-C2960-24TT ina poti 24 za megabiti 100 na mbili tu za gigabiti. Chuma chote kile halafu unarudi kwenye 94 ya shemeji! Halafu feni yake ukiiweka sebuleni utaongea na wageni kwa kupaza sauti. Nyumbani chukua isiyo na feni, ya bati kama ipo maana Dar ni joto na bati linatoa joto haraka.

Swichi za gigabiti 2.5 zipo, kiwango chake kilitoka 2016 na zinakubali hata Cat5e. Ila kama neti yako haivuki gigabiti na huna diski ya pamoja ya kuhamishia mafaili makubwa, hela hiyo nunulia kitu kingine.

Umeme: adapta usibadilishane. Swichi nyingine zinakula volti 5, nyingine 9, nyingine 12, kichwa cha adapta kinaingia kote kote vizuri tu, ndio mtego. Andika kwa maka pen kwenye kila adapta jina la kifaa chake. Na kama waya unatoka nje kwenda banda la uani, msimu wa radi usiamini waya wa shaba, pitisha faiba na vile vigeuzi viwili vya kila upande, vinginevyo radi ikipiga karibu inakufuata hadi kwenye ruta.

Mwisho ukiwa dukani nenda na laptopu na waya wako mzima. Omba soketi, washa swichi, chomeka laptopu poti moja moja, kila poti laptopu isome 1000 kwenye hali ya mtandao. Ya shemeji poti ya tatu ilikuwa inasoma 100, muuzaji akataka kuanza maelezo, akaangalia laptopu iliyokuwa wazi juu ya kaunta, akaenda kuchukua boksi lingine.